Umeme wa Njiani: Somo la Njia Panda ya Kikorongo

Msafiri atokaye Mbarara kwa njia ya Ishaka, akisha kulivuka daraja la Katunguru juu ya Mfereji wa Kazinga, huingia katika bonde pana la nyasi na vichaka. Mkono wake wa kulia liko Ziwa George. Mbele yake, mawingu yakimjalia, husimama milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha juu kabisa, Margherita, hufikia mita 5,109. Hiyo ni nchi ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952, na si ajabu tembo wakalisimamisha gari barabarani mpaka wote wavuke. Jirani na hapo hupita mstari wa ikweta. Halafu hutokea kituo kidogo cha biashara kiitwacho Kikorongo.

Kikorongo si mji wa kujivunia majumba. Sifa yake ni njia panda. Barabara moja huendelea kaskazini hadi Kasese na Fort Portal. Nyingine hukata kushoto kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe, ambako ng'ambo yake ni Kasindi, nchi ya Kongo. Malori ya mizigo, mabasi, pikipiki za abiria na magari ya watalii yote hupunguza mwendo hapa na kuchagua njia. Miongoni mwa magari hayo yamo yale yenye vitanda ndani yake, jiko, jokofu na taa: nyumba za magurudumu. Mengine hushushwa melini Mombasa yakiwa yametengenezwa Ulaya. Mengine ni mabasi madogo ya kawaida ambayo wenyeji wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam wameyang'oa viti na kuyageuza makazi ya safarini.

Jua huzama pande hizi yapata saa moja usiku, mwaka mzima, bila tofauti kubwa. Kuanzia saa hiyo mpaka mapambazuko, gari-nyumba lisiloegeshwa penye umeme wa gridi huishi kwa akiba yake. Akiba hiyo imo ndani ya betri, na kifaa kiitoacho akiba hiyo kwa sura ya umeme wa nyumbani ni kigeuza-umeme, ambacho mafundi hukiita inverta. Ndivyo vitu viwili vinavyosahauliwa kuliko vyote mpaka siku vinapogoma.

MALI BILA DAFTARI

Na uchukuliwe mfano wa askari polisi mstaafu na mkewe, wenye basi dogo waliloligeuza nyumba, wakisafiri kumtazama binti yao aliyeolewa Bwera. Mke ana ugonjwa wa sukari. Insulini yake ya mwezi mzima, ambayo chupa zake zisizofunguliwa hutakiwa kukaa katika ubaridi wa kati ya nyuzi 2 na 8, imo ndani ya jokofu dogo la gari. Wanalala Kikorongo. Alfajiri wanaamka na kukuta jokofu limezimika, na kipimo cha betri kinaonyesha volti 11.6. Dawa ingali baridi, lakini usiku mmoja zaidi wa namna hiyo utaiharibu.

Wanapofika kwa fundi huko Kasese, mume amekwisha kata shauri: zinunuliwe betri mbili kubwa za kisasa pamoja na inverta ya wati 3,000. Fundi mwenye busara hakimbilii kuandika bei. Huuliza kwanza.

"Afande, kwa siku moja mnatumia umeme kiasi gani?"

"Kijana, nitajuaje? Mimi huwasha, nikimaliza nazima."

"Basi tuandike kwanza, afande. Mama naye atusaidie, maana jikoni ndiko umeme unakokwenda."

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na umeme wa betri ni mali. Kipimo chake ni ampea-saa: idadi ya ampea zinazotumika, mara saa za matumizi. Jokofu dogo la volti 12, katika joto la bonde hili, huweza kumaliza ampea-saa 40 kwa siku, kwa maana injini yake huwaka na kuzimika usiku na mchana. Taa nne za wati 5 kila moja, kwa saa nne, ni kiasi cha ampea-saa 7. Simu na redio, 5. Feni ndogo ya usiku, 8. Jumla ni 60. Lakini mama anakumbuka birika la umeme la wati 1,500, zawadi ya mtoto wao, ambalo huchemshia chai asubuhi na jioni. Birika hilo, likipitia kwenye inverta, huvuta kiasi cha ampea 140 kutoka katika betri ya volti 12. Dakika kumi tu za kuchemsha hula ampea-saa 23, nazo mara mbili kwa siku ni 46. Kumbe chai peke yake inazidi jokofu!

Upande wa pili wa daftari ni akiba. Gari hilo lina betri moja ya risasi na tindikali yenye ampea-saa 100. Betri ya namna hiyo haipasi kutumiwa zaidi ya nusu ikiwa inatakiwa idumu, kwa hiyo akiba halali ni ampea-saa 50 tu. Anayetumia 106 kila siku katika akiba ya 50 hana haki ya kuilaumu betri. Ameidai isichonacho.

Hivyo dawa ya kwanza si kununua chochote. Ni kulirudisha birika nyumbani na kuchemsha chai kwa gesi.

BETRI YA INJINI NA BETRI YA NYUMBA

Sharti la kwanza la gari-nyumba ni kuwa na betri mbili zenye kazi mbali mbali. Ya kwanza ni ya kuwashia injini: imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe papo hapo. Ya pili ni ya nyumba: imeundwa kutoa nguvu kidogo kidogo kwa saa nyingi. Kuitumia ya injini kwa taa na jokofu ni kama kumpa mkimbiaji wa mita mia mzigo wa kupanda nao mlima. Tena ni hatari, kwa kuwa ikimalizika usiku gari halitawaka asubuhi, na katika nchi ya tembo na simba si kila mahali mtu aweza kushuka na kusukuma.

Betri hizo mbili hutenganishwa na swichi maalumu ambayo huziunganisha wakati injini inapozunguka tu, ili altaneta izijaze zote, na huzitenga injini inapozimwa. Swichi hiyo ikifa, nyumba huila injini bila mwenye gari kujua. Yafaa ichunguzwe kabla ya kila safari ndefu.

JOTO, MAJI NA USAFI

Utunzaji wa betri ya risasi hauhitaji elimu kubwa. Unahitaji mazoea, kama usafi wa bunduki kwa askari.

Kwanza ni kuipima. Betri iliyopumzika saa kadhaa bila kujazwa wala kutumiwa huonyesha volti 12.7 ikiwa imejaa, kiasi cha 12.2 ikiwa nusu, na chini ya 11.9 ikiwa karibu tupu. Kipimo kidogo cha volti hakina bei kubwa, nacho chastahili kukaa karibu na usukani daima.

Pili ni kuijaza mapema. Betri ya risasi ikiachwa tupu, chembe za salfeti hugandamana juu ya bamba zake, na mgando huo ukishakuwa mgumu hauondoki. Betri nyingi hazifi kwa uzee; hufa kwa kuachwa na njaa. Hata gari likiegeshwa nyumbani miezi mitatu, betri ijazwe walau mara moja kila mwezi, kwani hujivuja yenyewe taratibu.

Tatu ni maji. Betri zenye vifuniko vya kufungua hupungukiwa na maji, hasa penye joto. Bamba zisiachwe wazi. Yaongezwe maji yaliyokenekwa, yale yauzwayo madukani kwa jina la maji ya betri. Yasitiwe ya mto, ya bomba wala ya kisima. Kila maji ya ardhini yana chumvi za namna yake, na pande hizi ambako watu wa Katwe huvuna chumvi ziwani hakuna asiyelijua hilo. Tindikali isiongezwe kamwe, maana kinachopotea ni maji, tindikali hubaki.

Nne ni vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani unaoota hapo huzuia umeme kupita. Hung'olewa kwa brashi na maji yaliyochanganywa magadi ya kupikia, yakisuuzwa bila kupenya ndani ya betri. Kisha vichwa hukaushwa, hukazwa, na kupakwa grisi nyembamba. Kabla ya kazi hiyo pete na saa za mkononi zivuliwe, na waya wa hasi ufunguliwe kwanza, kwa sababu spana ikigusa chanya na bodi ya gari kwa pamoja hutoa cheche na kuunguza mkono.

Tano ni hewa na kivuli. Betri ya risasi inapojazwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Isiwekwe chini ya kitanda bila tundu la hewa, na asiwashwe mtu kiberiti karibu nayo. Mafundi wana kanuni kwamba kila joto lizidipo nyuzi 25 kwa nyuzi 10 nyingine, umri wa betri ya risasi hupungua kwa nusu hivi. Kasese ni miongoni mwa mahali penye joto katika Uganda, na gari lililofungwa madirisha juani huwa tanuri. Kuegesha mahali penye kivuli kwaweza kumpa mtu miaka aliyodhani itanunuliwa dukani.

KUBADILI BILA KUJUTA

Wakati hufika ambapo utunzaji hautoshi na betri lazima ibadilishwe. Siku hizi mwenye gari huletewa mapendekezo mawili: arudie risasi, au ahamie lithiamu ya chuma na fosfeti.

Lithiamu ina sifa za kweli. Ni nyepesi, huweza kutumiwa kwa asilimia 80 au zaidi bila kuumia, hujaa upesi, na hustahimili maelfu ya mizunguko ya kujaa na kuisha, ilhali ya risasi huhesabu kwa mamia. Lakini ina masharti. Volti zake hazishuki taratibu kama za risasi, kwa hiyo kipimo cha volti hudanganya. Yahitajika kipimo kinachohesabu ampea ziingiazo na zitokazo. Chaja yake iwe imewekwa kwa ajili yake. Tena huvuta umeme kwa pupa, hata ikaweza kuiunguza altaneta, hivyo hapana budi pawekwe chaja ya kati, kutoka betri ya injini kwenda betri ya nyumba, ya kuizuia pupa hiyo. Anayenunua lithiamu bila vifaa hivyo amenunua nusu ya kitu.

Na iwe ya namna gani, jambo moja halina ruhusa: kuchanganya. Betri kuukuu na mpya zikifungwa pamoja, kuukuu humvuta mpya mpaka zote zikafanana kwa uzee. Risasi na lithiamu zikifungwa pamoja moja kwa moja, kila moja hudai chaji isiyoifaa mwenzake.

Kwa yule afande mstaafu na mkewe, daftari sasa linasema ampea-saa 60 kwa siku. Betri mbili za risasi za ampea-saa 100 kila moja, za umri mmoja na aina moja, huwapa akiba halali ya 100. Lithiamu moja ya 100 ingewapa 80. Zote zatosha. Kwa kuwa wao husafiri miezi michache tu kwa mwaka, na pensheni ina mipaka, na betri za risasi hupatikana karibu kila mji, fundi mkweli huwashauri risasi mbili na paneli moja ya sola ya wati 200 juu ya paa. Penye jua la ikweta, paneli hiyo, baada ya kutoa upotevu, hurudisha kiasi cha ampea-saa 60 kwa siku ya jua zuri. Kinachotoka na kinachoingia kimelingana. Mtu aishiye garini mwaka mzima angeshauriwa vingine, na ingekuwa haki vile vile.

INVERTA: MTUMISHI MWENYE GHARAMA

Inverta huugeuza umeme wa betri wa volti 12 kuwa wa volti 240 kama wa nyumbani. Huduma hiyo si ya bure: katika kugeuza, sehemu kama moja katika kumi hupotea kwa joto. Hata isipofungwa kitu, inverta kubwa iliyoachwa wazi huweza kula ampea moja au mbili kila saa, yaani ampea-saa 24 au zaidi kwa siku. Kuizima wakati wa kulala ni akiba isiyogharimu senti. Na kila kifaa kiwezacho kutumia volti 12 moja kwa moja, kama taa, simu au jokofu la gari, kisipitishwe kwenye inverta.

Zipo inverta za wimbi la ngazi, za bei nafuu, na za wimbi safi, za bei ya juu kidogo. Ya kwanza hufaa vitu vya kupasha joto. Vifaa vya hospitali, kompyuta na injini ndogo hutaka ya pili. Anayebeba kifaa cha matibabu asifanye ubahili hapo.

Moto wa magari-nyumba huanza aghalabu kwenye nyaya. Inverta ya wati 1,000 huvuta kiasi cha ampea 95, na waya mwembamba kwa mzigo huo huwa kama kipande cha jiko. Waya uwe mnene na mfupi, na fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, kwenye waya wa chanya. Gari lililofungwa inverta kubwa kwa nyaya za zamani limeongezwa nguvu pamoja na hatari. Watoto wafundishwe pia kwamba volti 240 za garini huua kama zile za ukutani.

BETRI IKISHA KUFA

Kasese ina habari yake na betri, ndefu kuliko ya watalii. Reli ilifika huko mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Uchimbaji ulipokwisha, lilibaki karibu na mji lundo kubwa la mawe ya salfa na chuma yenye kobalti ndani yake. Kuanzia mwaka 1999 kiwanda cha Kasese Cobalt kiliitoa kobalti hiyo kwa msaada wa bakteria, mpaka lundo lilipomalizika katika miaka ya 2010. Kobalti ni madini yatumiwayo katika betri za simu na za magari mengi ya umeme, ingawa zile za chuma na fosfeti hazina kobalti.

Lakini miaka mingi kabla ya kiwanda hicho, mvua zililinyeshea lundo lile. Mawe ya namna hiyo yakikutana na hewa na maji hutoa tindikali ya salfuriki, ile ile iliyomo ndani ya betri ya gari. Tindikali ilitiririka bondeni, ikapita ndani ya hifadhi kuelekea Ziwa George, na mahali ilipopita nyasi zilikufa zikaacha ardhi tupu. Hilo ni fundisho lililoandikwa juu ya udongo.

Betri ya risasi iliyokufa ina tindikali hiyo hiyo, na pamoja nayo kilo nyingi za risasi, madini yale yale yaliyo katika kichwa cha risasi ya bunduki. Pwani ya Kenya, katika kijiji cha Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu kiliwasumisha wakazi, watoto wakiwemo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fedha hiyo haiurudishi ubongo wa mtoto uliokwisha dhurika. Hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Kwa sababu hiyo betri isipasuliwe nyuma ya nyumba, tindikali isimwagwe mferejini, na risasi isiyeyushwe juu ya jiko la familia, hata kama ni kwa ajili ya vizito vya nyavu za kuvulia. Betri nzima, imesimama wima, irudishwe kwa muuzaji anayezikusanya kwa njia halali. Mara nyingi hulipwa, au hupunguza bei ya mpya. Lithiamu iliyovimba au kupondwa ipelekwe mbali na chumba cha kulala, wala isitobolewe.

Mama wa Bwera asiye na gari naye anahusika. Kaya nyingi za wilaya ya Kasese zina sola juu ya paa na betri pembeni mwa chumba, na kanuni ni zile zile: pima, jaza mapema, safisha, peperusha hewa, usidai kisichokuwamo. Tofauti pekee ni kwamba nyumba yake haina magurudumu.

Kwa hiyo msafiri asimamaye Kikorongo jioni, akitazama njia ya Kasese na njia ya Bwera, asiulize tu ipi ni fupi. Aangalie kipimo karibu na usukani. Kikisoma volti 12.6 na daftari lake likiwa sawa, njia zote mbili ni zake, na dawa ya mkewe itaamka baridi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika nyumba ya magurudumu, ufa huanzia kwenye kichwa cha betri.